Kioo si kinyonga: kisa cha kidani kimoja

Kidani chenyewe ni kidogo. Kina umbo la pipa, urefu wa milimita 30, unene wa 16, uzito wa gramu zipatazo 15, na kina tundu la kupitishia mkufu. Ukikishika juani ni cha urujuani uliofifia, na ndani yake unapita mstari mmoja wa buluu. Ingia nacho kwenye chumba chenye taa za tyubu, zile ndefu nyeupe za ofisini, kioo chote kinakuwa buluu ya maji. Ule mstari wa kwanza unazama, na mwingine wa waridi unajitokeza pale ambapo juani hukuona kitu.

Aliyekitengeneza alikitengeneza mara nne. Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo huulizwa vibaya. Watu huuliza: msanii kwia anapotengeneza vito vya kioo, ukwia wake unaonekana wapi? Wakishauliza hivyo huanza kutafuta upinde wa mvua.

Neno kwanza. "Kwia" nalitumia kwa upana wake: wanaopenda watu wa jinsia yao, wanaopenda zaidi ya jinsia moja, waliobadili jinsia, na wale wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Msanii wetu yuko katika kundi hili la mwisho. Kiswahili kimenipunguzia kazi hapa, maana "yeye" haina jinsia, na ningeweza kuandika hadi mwisho bila msomaji kujua kitu nisipomwambia. Mteja ni mwanamke aliyeolewa na mwanamume. Majina ya wote wawili nayaacha.

Rafu ya bendera

Kabla ya kidani hiki msanii alikuwa na miaka kadhaa ya kutengeneza bendera za kuning'iniza masikioni. Asidharauliwe kwa hilo, maana hata huko alikuwa anafikiri. Bendera ya upinde wa mvua, alama ya watu kwia, ambayo Gilbert Baker aliitoa San Francisco mwaka 1978 ilikuwa na rangi 8. Ya waridi iliondolewa mapema kwa kuwa kitambaa cha rangi ile hakikupatikana kwa wingi uliotakiwa, kisha ikaondoka ya feruzi, zikabaki 6 tunazozijua. Fundi wa kioo akisikia habari hiyo hucheka kwa uchungu. Kwenye kioo, buluu hutoka kwa kobalti, nyekundu na rangi ya machungwa kwa kadimiamu na seleniamu, lakini waridi iliyo nzuri hutoka kwa dhahabu. Rangi iliyoshindikana dukani kwa kitambaa ndiyo hiyo hiyo inayomtoa jasho fundi wa kioo. Msanii akaamua kwamba mikufu yake ya upinde itakuwa na rangi 8, aliye tayari kununua 6 aende kwingine.

Iliuzwa, ila ilinunuliwa mwezi mmoja wa mwaka, ule wa maandamano ya watu kwia, na kuvaliwa siku moja ya mwezi huo. Vitu ambavyo wateja wale wale walivivaa kila siku vilikuwa vingine kabisa: pete nene ya kioo cheusi, hereni moja iliyonunuliwa peke yake, shanga ya kijani kwenye uzi wa ngozi. Hilo lilimsumbua zaidi kuliko mauzo.

Mteja

Ombi lake lilikuwa gumu kwa sababu lilikuwa la kukataa mambo mawili kwa pamoja. Hataki bendera. Hataki kujificha.

Aliwahi kuishi na mwanamke kwa miaka kadhaa, na wakati huo kila mtu alimhesabu upande mmoja. Kisha akaolewa na mwanamume, na watu wale wale wakamhamishia upande wa pili, wengine kwa kumpongeza kana kwamba amepona. Mume wake anajua, marafiki wanajua, hana siri ya kutunza. Kinachomchosha ni kwamba hesabu yake hupigwa upya kulingana na anayetembea naye, na yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa.

Anataka kitu cha kuvaa shingoni kila siku kinachosema hivyo. Ikiwezekana kisiseme kwa sauti.

Mara ya kwanza

Hapa msanii alifanya uvivu, na nalisema wazi. Alitengeneza milia mitatu: waridi, zambarau, buluu. Ni rangi za bendera ya wanaopenda zaidi ya jinsia moja, aliyoibuni Michael Page mwaka 1998. Page mwenyewe alieleza kwamba zambarau ile huchanganyika na waridi upande mmoja na buluu upande wa pili bila mpaka kuonekana, kama watu hao wanavyopotea machoni katika kila kundi wanaloingia. Ni wazo zuri mno, lakini likishachorwa kwa milia iliyonyooka hugeuka beji. Mteja alikisifia, akakirudisha kwenye kitambaa chake, akasema hicho ni cha maandamano.

Mara ya pili

Fundi wa kioo anayefanya kazi kwenye mwali wa gesi huvaa miwani maalumu. Kioo cha kawaida kina sodiamu, na sodiamu ikipata moto hutoa mwako wa njano unaoziba kila kitu. Bila miwani huoni unachokifinyanga, unaona njano tu. Lenzi zake zina didimiamu, mchanganyiko wa metali mbili unaoumeza ule mwanga wa njano karibu na nanomita 589 na kuacha mwingine upite. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach aliupasua mchanganyiko huo, akapata metali mbili, na moja akaiita neodimiamu, yaani pacha mpya.

Neodimiamu ikitiwa kwenye kioo chenyewe hukifanya kile ambacho wauzaji hupenda kukiita kioo cha kinyonga. Juani, au chini ya balbu ya waya, ni urujuani. Chini ya taa za tyubu ni buluu. Urujuani na buluu: bendera ya Page imo humo karibu yote bila mlia hata mmoja. Kwa miaka msanii alikuwa ameitazama kazi yake kupitia metali hii, ikiwa sentimita mbili kutoka machoni pake, bila kuifikiria kama rangi.

Palitokea shida za kawaida. Rangi hii ni nyepesi. Kioo kikiwa chembamba huoni chochote, kwa hiyo pambo lazima liwe nene, na nene ni zito. Hereni ziliondolewa kwenye mpango papo hapo. Pia huwezi kuihukumu rangi yake ukiwa umevaa miwani, kwa kuwa lenzi inameza kile kile ambacho kioo kinameza, na ukiivua mbele ya mwali huoni kitu kwa ule mwako. Msanii alifanya kazi kwa kukumbuka.

Kikatoka kizuri. Mteja alikibeba mpaka mlangoni, akarudi nacho ndani, akaenda tena mlangoni. Alicheka. Kesho yake akakirudisha.

Alichosema ni kwamba yeye si kinyonga. Maisha yake yote amekuwa akiambiwa kwamba ni kigeugeu, kwamba hajaamua, kwamba leo hivi kesho vile. Sasa alipie pambo linalorudia maneno hayo hayo shingoni mwake?

Nadhani hapa ndipo kisa chote kilipo. Kwa fizikia, mteja alikuwa amekosea, na msanii alijua. Kioo cha neodimiamu hakibadiliki hata chembe. Juani kinameza utepe ule ule mwembamba wa njano kinaoumeza chini ya taa. Kinachobadilika ni mwanga: jua huja na rangi zote zimeungana, taa ya tyubu hutoa mwanga wake vipande vipande, na ukitoa njano kwenye vipande hivyo kinachobaki machoni ni buluu. Kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4 huko London, kwenye jumba la British Museum, kiitwacho kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa nje ni cha kijani, ukitokea nyuma yake kinawaka chekundu, kwa sababu ya chembe ndogo mno za dhahabu na fedha zilizomo ndani ya kioo. Anayekizunguka hasemi kikombe kimegeuka. Anaona taa imewekwa wapi.

Lakini kidani hakiji na mwalimu wa fizikia. Anayekiona shingoni ataona kinyonga, na mteja alikuwa sahihi kukikataa. Msanii angeweza kubishana naye. Hakubishana, na sababu yake ndiyo ninayoitafuta: yeye pia huitwa bwana akiwa na nywele fupi na bibi zikirefuka, na anajua kwamba kumweleza mtu jinsi macho yanavyofanya kazi hakumzuii kukuita atakavyo. Kama kuna sehemu katika kazi hii ambapo nafsi ya msanii iliingia mkononi mwake, ni pale aliponyamaza na kuchukua kidani.

Mara ya tatu, na ufa

Wazo lililofuata lilikuwa rahisi kulisema. Weka ndani ya kioo kinachoonekana kubadilika kitu kisichobadilika, ili jicho lipate cha kulinganisha. Nyuzi mbili: moja ya waridi ya dhahabu, moja ya buluu ya kobalti. Juani mazingira ni urujuani, kwa hiyo waridi inamezwa na buluu inaonekana. Chini ya tyubu mazingira ni buluu, kwa hiyo buluu inamezwa na waridi inatokea. Nyuzi zote mbili zimo muda wote.

Uzi wa waridi aliuvuta kutoka kwenye kipande kilichobaki cha kazi nyingine. Alijua hakikuwa cha familia moja na kioo alichokuwa akitumia. Kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na kila aina ina kiwango chake: kioo laini cha shanga huandikwa 104, kile kigumu cha boro 33, na katikati kuna vya 90 na 96. Ukiunganisha viwili visivyolingana, kila kimoja kikipoa kinataka kusinyaa kwa kadiri yake, na mvutano unabaki umefungiwa ndani. Kipande chake kilikuwa cha 96. Alikuwa na haraka.

Kilitoka kwenye tanuri kizima, kikakaa rafuni siku tatu, siku ya nne akasikia mlio mdogo kama wa kucha ikikatwa. Ufa ulikuwa umefuata uzi wa waridi mwanzo hadi mwisho. Angekiweka kati ya karatasi mbili za kuchuja mwanga, kama mafundi wafanyavyo, angeuona mvutano ule tangu siku ya kwanza, mng'ao mweupe ukiuzunguka uzi. Hakufanya. Kuna watakaotaka niseme kitu kuhusu ufa huu na maisha ya mtu kwia, sisemi. Ulikuwa uzembe wa fundi.

Mara ya nne

Safari hii vijiti vyote vilikuwa vya 104. Kijiti cha chuma kilipakwa udongo ili kioo kisigande, kikazungushiwa kiini cha neodimiamu, nyuzi mbili za unene wa milimita moja zikalazwa juu yake pande mbili zinazoelekeana, kisha tabaka jingine la neodimiamu likafunika yote. Sehemu ngumu ilikuwa waridi. Kioo cha dhahabu hakipendi kupikwa kupita kiasi. Kikizidishiwa moto huchafuka na kuwa kama ini. Kwa hiyo uzi ule ulitiwa mwishoni, ukafunikwa upesi, na mwali ukakaa mbali nao. Kidani kikaingia tanurini kwenye nyuzi joto 510 hivi, kikashikiliwa hapo, kikashushwa polepole usiku kucha, maana unene ule hauvumilii haraka.

Mteja alikivaa palepale, hakukitembeza mlangoni.

Ubishi

Msanii mwenzake, naye kwia, hakukipenda. Hoja yake: vito vya watu wetu vimekaa mafichoni vya kutosha, na pambo linaloficha mstari mmoja kila wakati ni kabati lile lile la kujifichia, limetiwa taa nzuri.

Hoja hii ina mizizi. Alama za kujulikana na wanaojua ni za zamani. Februari 1892, usiku wa onyesho la kwanza la tamthilia yake London, Oscar Wilde na baadhi ya marafiki zake walivaa maua yaliyotiwa rangi ya kijani, na kijani kile kikaja kusomwa kama ishara. Katika miaka ya 1970 na 1980 Marekani na Uingereza wengi waliamini hereni ya sikio moja, na sikio lipi, inatangaza nani anampenda nani. Alama hizo zilizaliwa kwa sababu kusema waziwazi kulikuwa na gharama. Wilde mwenyewe alifungwa mwaka 1895 kwa kosa la kufanya mapenzi na wanaume. Mtu akikataa kuzitukuza namwelewa.

Hata hivyo naona mwenzake amekosa jambo moja, nalo limo kwenye kioo chenyewe: katika mianga yote miwili aliyoifikiria msanii, hakuna hata mmoja ambao mistari yote miwili imefichwa. Mmoja uko wazi daima. Mtazamaji huona nusu na kuondoka akidhani ameona yote, na hicho ndicho hasa mteja alichokuwa akilalamikia tangu siku ya kwanza.

Nikiulizwa msanii huyu amejifunza wapi, sitamtaja mfua vito. Nitamtaja Félix González-Torres, mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi Marekani, shoga, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka 1996. Miongoni mwa kazi zake ni mapazia ya shanga yanayoning'inizwa mlangoni, na anayetaka kuendelea mbele lazima apite katikati yake, shanga zimguse usoni na mabegani. Hayana bendera wala uso wa mtu. Una haki ya kupita usijue lolote, lakini huwezi kupita bila kuguswa. Msanii wetu anazo picha zake ukutani, juu ya mitungi ya gesi, mahali ambapo kwa maoni yangu hapastahili karatasi.

Vitu vingine navipitia haraka kwa sababu havina fumbo. Pete zake hupimwa kwa kidole, hazina rafu ya kike wala ya kiume. Hereni huuzwa mojamoja, anayetaka jozi anunue mbili. Vifungo vya mikufu ni vikubwa kiasi cha kufunguliwa na vidole vinene. Mambo haya hayapigwi picha, na nashuku yanabeba ukwia wa kazi yake kuliko rangi yoyote.

Alipokosea tena

Ndani ya kisanduku aliweka kadi. Aya mbili: neodimiamu, pacha mpya, maana ya waridi, maana ya buluu. Mteja aliitoa, akamrudishia, akamwomba asimpe mtu mwingine. Namuunga mkono mteja. Kidani kile kinahitaji mtu akigundue mwenyewe, labda baada ya wiki, akiwa anaongea na mwenye kukivaa kuhusu jambo jingine kabisa.

Picha nazo zilimshinda. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe ili nyeupe ionekane nyeupe, na katika kujirekebisha huko inafuta nusu ya tofauti. Alipofanikiwa kuifunga isijirekebishe, akaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, juani na ndani, na papo hapo kidani kikawa mazingaombwe ya dukani. Ujumbe uliomiminika ulikuwa wa watu wanaotaka "kile cha kinyonga". Akaziondoa zote. Watatu tu walieleza wanachotaka kwa maneno yao, na hakuna hata mmoja aliyepewa nyuzi za waridi na buluu; hizo alisema zina mwenyewe.

Miezi kadhaa baadaye mteja alirudi na lalamiko. Nyumbani walikuwa wamebadilisha taa zote, wameweka za LED, na kidani kilikuwa kimekaa katikati: si urujuani, si buluu, na mistari yote miwili imefifia kama maandishi yaliyofutwa nusu. Taa za LED hazifanani, mwanga wa moja si wa nyingine, na msanii alikuwa amefikiria jua na tyubu tu. Alijitolea kukitengeneza mara ya tano. Mteja alitaka kujua tu ni taa ya aina gani irudishwe.

Tyubu moja sasa iko juu ya sinki la kunawia. Mume wake ndiye aliyeifunga, akiwa juu ya kiti, huku akimuuliza kama mstari wa waridi umeshaonekana.